Robert Koch: Daktari wa wilaya aliyeotesha vijidudu kwenye sahani, na deni lake Afrika Mashariki

Sampuli ya samaki, maziwa au nyama inayochukuliwa mpakani na kupelekwa maabara kutafutwa bakteria, mara nyingi huishia kwenye kisahani cha mviringo chenye kitu kinachofanana na jeli. Kisahani huwekwa kwenye joto kwa saa 24 au zaidi. Kinachoota juu yake ndicho kinachochangia kuamua kama mzigo utavuka, utarudishwa au utateketezwa.

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo huona karatasi ya majibu tu. Nyuma ya karatasi hiyo kuna kazi iliyoanzishwa Ujerumani zaidi ya miaka 140 iliyopita na daktari wa wilaya aliyeitwa Robert Koch. Daktari huyo baadaye alifika Dar es Salaam, Amani, Mwanza na visiwa vya Sese. Katika ukanda huu aliacha elimu inayotumika hadi leo, na pia aliacha watu waliopoteza macho yao.

Mtoto wa mji wa migodi

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen. Huko alifundishwa na Jacob Henle, mmoja wa wanazuoni wachache wa wakati ule walioshikilia kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Madaktari wengi waliamini kwamba chanzo ni hewa chafu itokayo kwenye madimbwi na takataka.

Alihitimu udaktari mwaka 1866 na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz. Alikuwa na hamu kubwa ya kusafiri nchi za mbali, lakini maisha ya familia yalimtuliza katika miji midogo. Baada ya kutumika katika vita vya mwaka 1870 kati ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya ya Wollstein, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

Wollstein ilikuwa nchi ya wafugaji, na kimeta kiliua kondoo na ng'ombe kila mwaka. Wafugaji walijua jambo moja lililowatia hofu: kulikuwa na malisho yaliyoua mifugo hata baada ya kuachwa matupu kwa miaka. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Koch hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya chumba alichotibia wagonjwa, akaweka hadubini yake hapo na kufanya kazi baada ya saa za kazi. Watafiti wengine walikwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Yeye alitaka kujua kama vijiti hivyo ndivyo vinavyoua, au vinaonekana tu baada ya mnyama kufa. Alichukua majimaji ya jicho la ng'ombe, akatia tone la damu yenye ugonjwa, akaliweka kwenye joto na kutazama. Vijiti vilirefuka, vikawa nyuzi, kisha ndani ya nyuzi zikatokea chembe ngumu zinazostahimili ukavu na joto. Alipowachoma panya kwa chembe hizo, walikufa kwa kimeta.

Fumbo la malisho likafumbuka. Mnyama akizikwa vibaya, chembe hizo hubaki udongoni miaka mingi zikisubiri mnyama mwingine. Mwaka 1876 Koch alikwenda Breslau kumwonyesha matokeo profesa Ferdinand Cohn, na mwaka huohuo kazi ikachapishwa. Kwa wanaonunua ngozi, pembe na nyama, hii ndiyo sababu mzoga wa kimeta haupasuliwi wala kuchunwa mpaka leo.

Kiazi kilichokatwa

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya dola. Huko alikabili tatizo lililowashinda wengi. Ukitia tone la maziwa au uchafu kwenye mchuzi wa nyama, bakteria wa kila aina huota pamoja. Ni kama kumwaga maharage, mtama na ufuta katika gunia moja na kutikisa. Huwezi kusema nani kafanya nini.

Kilichomfungua macho kilikuwa kiazi. Kiazi kilichochemshwa, kikakatwa na kuachwa wazi, huota madoa ya rangi mbalimbali. Koch alitambua kwamba kila doa ni ukoo mmoja wa bakteria, kwa sababu mahali pakavu na pagumu bakteria hawezi kuogelea kwenda kwa jirani. Anakaa alipoangukia na kuzaa hapohapo. Ukichovya sindano kwenye doa moja, umepata aina moja peke yake.

Lakini si kila bakteria anakipenda kiazi. Koch akachanganya mchuzi wenye virutubisho na jelatini, akaumwaga kwenye kioo ukagande. Mwezi Agosti 1881 alionyesha njia hiyo London, mbele ya mkutano mkuu wa madaktari wa mataifa. Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye baadaye angekuwa mshindani wake mkali, alikuwa miongoni mwa waliotazama.

Jelatini ilikuwa na kasoro mbili. Iliyeyuka kwenye joto la mwili wa binadamu, joto lilelile ambalo vijidudu vingi vya magonjwa hulihitaji. Tena kulikuwa na bakteria walioila, sahani nzima ikawa maji.

Mwani kutoka jikoni

Suluhisho lilitoka kwa mwanamke ambaye jina lake halikuwekwa kwenye kazi hiyo. Fanny Hesse alizaliwa New York mwaka 1850 katika familia yenye asili ya Uholanzi, akaolewa na daktari Mjerumani, Walther Hesse, aliyefanya kazi na Koch mwanzoni mwa miaka ya 1880. Bi Hesse alimsaidia mumewe maabara na kumchorea picha za vijidudu. Hesse alipolalamika kwamba jelatini inayeyuka wakati wa kiangazi, mkewe alimweleza kuhusu aga, unga unaotokana na mwani, aliokuwa akitumia kugandisha jemu na vitamtamu. Alijifunza matumizi yake kutoka kwa majirani Waholanzi waliowahi kuishi Java.

Aga huyeyuka karibu na nyuzi joto za maji yanayochemka, na ikishaganda hubaki imara kwenye nyuzi 37. Bakteria wachache sana huweza kuila. Sahani ya aga inaweza kukaa kwenye joto la mwili siku nyingi bila kuharibika. Koch aliitaja aga kwa ufupi katika andiko lake la mwaka 1882 bila kumtaja Hesse wala mkewe, na familia hiyo haikupata malipo yoyote kwa wazo hilo. Mwaka 1887 msaidizi wa Koch, Richard Julius Petri, aliongeza kisahani chenye kifuniko kinachotumika hadi leo.

Wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba wasichanganye mambo. Mwani wanaoulima na kuusafirisha kwa wingi hutoa karajini, kigandishi kingine kinachotumika viwandani. Aga ya maabara hutoka kwenye aina nyingine za mwani. Zote mbili ni ndugu, lakini si bidhaa moja.

Kifua kikuu, kisha kipindupindu

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikadiriwa kuua mtu mmoja kati ya saba. Bakteria huyo huota polepole mno, na Koch ilimbidi atumie sehemu ya maji ya damu ya ng'ombe iliyogandishwa kwa joto na kungoja wiki nzima na zaidi kabla ya kuona chochote. Wengine waliokata tamaa mapema hawakuona kitu.

Mwaka 1883 kipindupindu kiliingia Misri. Ujerumani ilimtuma Koch Alexandria, na Ufaransa ikatuma kundi la Pasteur. Mmoja wa Wafaransa, Louis Thuillier, alikufa kwa ugonjwa aliokwenda kuuchunguza. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliufuata Calcutta, India. Mwanzoni mwa mwaka 1884 aliripoti kwamba amemwotesha bakteria mwenye umbo la mkato, na kwamba alimkuta pia katika bwawa ambalo watu walichota maji ya kunywa na kufulia. Mtaliano Filippo Pacini alikwisha kumwona bakteria huyo chini ya hadubini mwaka 1854, ila hakusikilizwa. Koch alimtenga na kumwotesha, na serikali ikamtunuku marki 100,000.

Mwaka 1892 elimu hiyo ilijaribiwa Hamburg, mji wa bandari uliotawaliwa na wafanyabiashara. Wagonjwa wa kwanza walipoonekana mwezi Agosti, wakuu wa mji walichelewa kutangaza. Waliogopa karantini ingefunga bandari. Mji ulikuwa unakunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa. Koch alipotumwa na serikali kuu, ugonjwa ulikwisha kuenea. Watu zaidi ya 8,000 walikufa katika muda wa majuma machache. Altona, mji uliopakana na Hamburg na kutumia mto huohuo lakini ukiyachuja maji yake kwa mchanga, ulinusurika kwa sehemu kubwa.

Hasara ya biashara waliyoikimbia wakuu wa Hamburg iliwapata mara mbili. Meli zao ziliwekewa karantini katika bandari za ng'ambo, na jina la mji likawa jina la ugonjwa. Siku chache walizozificha ziligharimu zaidi ya zile ambazo wangezitangaza.

Sahani inayochagua

Hadi hapo sahani ya Koch iliotesha kila kilichokuja. Kwa sampuli ya chakula, maji au choo, hilo halitoshi. Ndani ya gramu moja ya kinyesi kuna bakteria wasiohesabika, na yule wa hatari anaweza kuwa mmoja katika umati. Ilihitajika chakula cha mchujo, yaani kile kinachomlisha anayetafutwa na kuwanyima wengine.

Mwaka 1893 Koch alieleza njia ya haraka kwa kipindupindu. Sampuli hutiwa katika maji ya peptoni yenye chumvi, yaliyoelemea upande wa magadi kuliko upande wa asidi. Bakteria wa kipindupindu huyapenda mazingira hayo, huzaliana upesi kuliko wenzake na kupanda juu ya maji kutafuta hewa. Baada ya saa chache huchukuliwa tone la juu na kuwekwa kwenye sahani. Njia ya aina hiyo bado inatumika.

Hatua iliyofuata ilitoka Liverpool, Uingereza. Mwaka 1900 Alfred MacConkey alichanganya aga na chumvi za nyongo. Hoja yake ilikuwa rahisi: bakteria wa utumbo wamezoea nyongo, wa mahali pengine wengi hawaiwezi. Aliongeza sukari ya maziwa na rangi inayobadilika mbele ya asidi. Bakteria anayekula sukari hiyo hutoa asidi na doa lake huwa jekundu. Asiyekula hubaki bila wekundu. Sahani moja ikawa mlinzi na mwandishi kwa pamoja: inazuia wasiotakiwa, na inaandika kwa rangi nani ameingia.

Mwaka 1902 vijana wa Koch mwenyewe, Wilhelm von Drigalski na Heinrich Conradi, walitoa chakula chao cha mchujo kwa ajili ya homa ya matumbo. Walitumia rangi ya zambarau inayozuia bakteria wengi wasiohusika, pamoja na sukari ya maziwa na rangi ya kupimia asidi. Bakteria wa kawaida wa utumbo alitoa madoa mekundu, wa homa ya matumbo akatoa ya buluu. Koch aliipeleka sahani hiyo vijijini karibu na Trier, magharibi mwa Ujerumani. Watu wake walipima nyumba kwa nyumba, si waliolala kitandani tu. Walipata wagonjwa wengi kuliko walioripotiwa na madaktari, na kazi ya kampeni hiyo ilithibitisha kwamba mtu aliyepona, au asiye na dalili yoyote, anaweza kuendelea kutoa bakteria na kuambukiza wengine.

Ndiyo asili ya kanuni inayowakera wauza chakula wengi: mpishi, muuza maziwa au mkata samaki hupimwa hata akiwa mzima wa afya.

Kwa nini mzigo unangoja

Maabara za leo zina sahani nyingi za namna hiyo. Kwa kipindupindu hutumika sahani ya kijani yenye nyongo na sukari, ambapo bakteria huyo hutoa madoa ya njano. Kwa salmonela kuna sahani nyekundu ambayo bakteria hao kwa kawaida huonekana kama madoa yenye kiini cheusi. Lakini rangi pekee si hukumu. Bakteria wengine wa jamii ileile hutoa rangi hiyohiyo, kwa hiyo doa linalotiliwa shaka huchukuliwa na kuthibitishwa kwa vipimo vingine.

Salmonela hutafutwa kwa hatua. Kwanza, kwa kawaida gramu 25 za chakula hutiwa katika maji yenye virutubisho ili bakteria waliodhoofishwa na barafu, chumvi au moshi wapate nguvu. Hatua hiyo huchukua karibu saa 18. Kisha huingia kwenye mchuzi wa mchujo kwa siku nzima, halafu kwenye sahani kwa siku nyingine, halafu uthibitisho. Ndiyo maana jibu kamili huchukua siku tatu hadi tano. Bakteria hawaharakishwi kwa simu wala kwa chochote kinachopitishwa chini ya meza. Msafirishaji anayejua hivyo huomba kipimo kabla gari halijapakiwa, si baada ya kufika kwenye kizuizi.

Wavuvi na wenye viwanda wa Ziwa Victoria wanaikumbuka bei ya sahani hizo. Mwaka 1997 baadhi ya nchi za Ulaya zilizuia sangara wa ziwa hilo baada ya salmonela kutajwa. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwapo katika nchi hizo, na marufuku ilidumu hadi katikati ya mwaka. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalisema hatari ya kipindupindu kupitia samaki hao ilikuwa ndogo. Hata hivyo viwanda vilisimama na wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa. Somo lililobaki ni kwamba nchi isiyoweza kuonyesha majibu ya maabara yake yenyewe huhukumiwa kwa majibu ya wengine, au kwa hofu tu.

Makosa mawili makubwa

Sifa zilimlevya Koch. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini, akificha namna inavyotengenezwa. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walikimbilia Berlin. Dawa haikuponya, na baadhi walizidiwa na kufa. Baadaye tuberkulini ilipata kazi nyingine, ya kutambua kama mtu au ng'ombe ameambukizwa, na kazi hiyo inaendelea. Ndoa yake nayo ilivunjika. Mwaka 1893 alimwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyemzidi umri kwa karibu miaka 30.

Kosa la pili linawahusu moja kwa moja wauza maziwa. Mwaka 1901, akiwa London, Koch alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si tishio la maana kwa binadamu, hivyo hakukuwa na haja ya hatua kali kuhusu maziwa na nyama. Waingereza hawakukubali kwa kuwa tu aliyesema ni Koch. Waliunda tume iliyochunguza kwa miaka kumi, ikathibitisha kwamba maziwa ya ng'ombe mgonjwa huambukiza watu, hasa watoto. Kuchemsha maziwa kunabaki kuwa kinga yake.

Safari za Afrika

Hamu ya utotoni ya kusafiri ilitimia uzeeni. Mwishoni mwa mwaka 1896 serikali ya Rasi, kusini mwa Afrika, ilimwita kwa ajili ya sotoka, ugonjwa uliokuwa umeteketeza ng'ombe kutoka Ethiopia na Umasaini hadi kusini. Huko Kimberley alieleza njia ya kuwakinga ng'ombe kwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Haikuwa kinga kamili, lakini iliokoa mifugo mingi kabla ya chanjo bora kupatikana. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Kutoka huko alikwenda India kuchunguza tauni, kisha akashukia Dar es Salaam mwaka 1897, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani. Alikaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Katika kipindi hicho alithibitisha pia kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ulikuwa tauni.

Mwaka 1903 alikwenda Rhodesia kuchunguza ugonjwa mpya wa ng'ombe. Ugonjwa huo ni ndigana kali, na ulifika kusini pamoja na ng'ombe walionunuliwa pwani ya Afrika Mashariki na kushushwa Beira. Wanunuzi hawakujua kwamba ng'ombe aliyekulia mahali penye kupe anaweza kuonekana mzima huku akibeba ugonjwa. Biashara moja ya mifugo isiyopimwa iliua mifugo ya nchi nyingine. Vyeti vya mifugo vinavyodaiwa mipakani leo vina historia hiyo nyuma yake.

Mwaka 1905 alirudi Tanganyika na kufuata njia za misafara kwenda bara. Wapagazi na wafanyabiashara waliolala kwenye vibanda vya njiani walipata homa inayopoa na kurudi tena. Wenyeji waliwajua papasi, kupe wanaojificha kwenye vumbi la sakafu na kutoka usiku. Koch aliwapasua papasi, akakuta vijidudu vya homa ndani yao na hata katika mayai yao, kumaanisha kwamba mtoto wa papasi huzaliwa na ugonjwa. Watafiti wa Kiingereza waliokuwa Uganda na Kongo walifikia matokeo ya aina hiyo katika muda huohuo. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa wa kawaida: msilale ndani ya vibanda vya zamani, pigeni kambi mbali navyo. Desemba mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu.

Sese

Safari ya mwisho Afrika ndiyo iliyoacha doa. Malale yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1906 Koch alipitia Amani, katika milima ya Usambara, na Mwanza, kisha akaweka kambi Bugala katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda uliokuwa chini ya Waingereza. Wagonjwa walikuja kwa mamia, wengi kwa miguu na kwa mitumbwi, wakiwa na matumaini.

Alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Ilionekana kuondoa vijidudu kwenye damu, lakini vilirudi. Koch akaongeza kipimo hadi kuwa maradufu. Wagonjwa walipata maumivu makali na kizunguzungu, na zaidi ya 20 walipofuka kabisa. Hapo ndipo aliporudisha kipimo cha chini. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini, na kambi za namna hiyo zilijengwa katika makoloni, watu wakishikiliwa mbali na ndugu zao. Kipimo kama hicho kisingefanywa hivyo kwa wagonjwa wa Berlin. Ujerumani yenyewe sasa inajadili sura hii ya maisha yake, iliyokaa kimya kwa muda mrefu nyuma ya sanamu na majina ya mitaa.

Watu wa Sese wenyewe waliondolewa visiwani na serikali ya kikoloni muda mfupi baadaye. Vipofu wa Bugala hawana sanamu.

Kilichobaki

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yalihifadhiwa katika jengo la taasisi aliyoiongoza Berlin, ambayo leo inabeba jina lake na kusimamia ufuatiliaji wa magonjwa nchini humo.

Fanny Hesse aliishi hadi mwaka 1934, na aga yake imo katika maabara za dunia nzima. MacConkey alifariki mwaka 1931, na jina lake husomeka kila siku kwenye chupa za unga wa maabara, kuanzia Nairobi hadi Bujumbura.

Historia hii inampa mfanyabiashara haki na wajibu. Koch mwenyewe alikosea kuhusu maziwa, na aliyemsahihisha hakuwa na cheo kikubwa kuliko chake ila alikuwa na ushahidi. Kwa hiyo mwenye mzigo uliokataliwa ana haki ya kuuliza: kilitafutwa kijidudu gani, sampuli ilichukuliwa lini na kuhifadhiwa vipi, na je, doa lililoonekana lilithibitishwa? Wajibu ni ule walioukimbia wakuu wa Hamburg. Sahani ikishasema kuna ugonjwa, siku moja ya kuficha humgharimu mwenye mzigo, na kumgharimu zaidi mlaji aliye upande wa pili wa mpaka.